Risasi ya Betri

Gisenyi, Jumatatu, 1 Machi 1999

Mvua tangu alfajiri. Wagonjwa thelathini na saba, malaria kumi na tisa. Hadubini yangu haina taa, inategemea kioo kidogo kinachonasa mwanga wa nje, kwa hiyo leo nimehamisha meza mara tatu nikifuata dirisha lenye nafuu. Daktari Karenzi alipita akauliza kama nimeshaandika barua ya kuomba uhamisho wa mawingu. Sikucheka. Ana miezi mitano tangu aje kliniki hii na bado sijui kama hutania au hudharau.

Alhamisi, 4 Machi

Amekuja tena Mudathiru wa karakana ya betri ya Mzee Faradji, nyuma ya soko. Jitu la mtu, mabega kama mlango. Hii ni mara ya tatu tangu Januari: tumbo linamkata, viungo vinauma, nguvu hana, basi apimwe malaria. Nikatazama damu yake. Hakuna kimelea hata kimoja.

"Angalia muzuri, Mamzeli," akasema. "Iko humo, inajificha."

"Hakuna, kaka. Nimetazama dakika kumi."

"Kiswahili yako ni ya kwa redio. Njo maana hiyo malaria haikusikie."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Nimekulia Ngara, Tanzania, nifanyeje? Nadhani anatafuta karatasi ya kupumzika nyumbani. Wavivu nawajua.

Jumanne, 9 Machi

Jua! Saa nzima ya jua, ziwa linametameta, na mimi nikakimbilia hadubini kama mtu aliyeitwa chakula. Nikasema niipitie upya slaidi ya yule mvivu, nimalize ubishi.

Malaria hakuna kweli. Lakini ndani ya chembe nyekundu kuna nukta. Ndogo, za buluu, zimetawanyika kama mtu aliyekung'uta kalamu ya wino. Nikahesabu chembe za namna hiyo nikafika kumi na nne, kisha wingu likafunika kila kitu.

Jumatano, 10 Machi

Karenzi akainama, akatazama, akasema: "Rangi yako chafu, Umurerwa."

Nikaumia. Nikachuja rangi yote upya, mara mbili. Nikamwita Mudathiru kwa kisingizio, nikamtoboa kidole. Nikajitoboa na mimi. Nikamtoboa na Nsengiyumva anayefagia, ambaye alitoa kidole huku amefumba macho. Slaidi tatu, rangi ileile, muda uleule.

Yangu safi. Ya Nsengiyumva safi. Ya Mudathiru imejaa nukta!

Nilipita kwenye veranda nikikimbia, sandali moja ikabaki nyuma. Karenzi alitazama zote tatu, kisha akavuta kiti akakaa pale pale kwenye meza yangu. "Niwie radhi," akasema. Sikutegemea neno hilo kutoka kwake.

Ijumaa, 12 Machi

Karenzi ana kitabu kikuukuu cha Kifaransa cha magonjwa ya mafundi, karatasi zake zimegeuka rangi ya chai. Jana alikisoma jioni nzima, akazikuta humo nukta zetu. Leo tulimwita Mudathiru, Karenzi akamfunua mdomo: kwenye ufizi, penye mizizi ya meno, kuna mstari mwembamba wa buluu iliyoiva. Akamwambia anyooshe mikono mbele, viganja chini. Wa kushoto ukakaa sawa. Wa kulia ukainama kwenye kifundo, ukaning'inia kama kitambaa kilicholoa.

"Tangu lini?" akaulizwa.

"Tangu Krismasi ya Wakristo. Nafikiri niliulalia."

Nikamweleza kwa utaratibu: ile risasi anayoyeyusha hutoa moshi na vumbi, anavuta, anakula nayo ugali, inaingia kwenye damu na mishipa. "Una risasi mwilini, kaka."

Akasimama. "Mi? Risasi? Bon, Mamzeli, sikia. Vita yote mi nilikuwa chini ya kitanda. Hiyo risasi iliingia saa ngapi?"

"Si ya bunduki. Ya betri."

"Ah! *Plomb!*" Akaketi taratibu, akautazama mkono wake. Hakutania tena. Akauliza kwa sauti ndogo: "Na benzangu?"

Jumatatu, 15 Machi

Tumekwenda kuwaona hao wenzake. Karakana ni uwanja uliofunikwa mabati, na ndani yake wafanyakazi tisa. Wanavunja betri kuukuu za magari kwa shoka, wanatoa mabamba ya risasi, wanayayeyusha kwenye sufuria juu ya makaa, wanamimina. Nyingine inarudi kuwa betri, nyingine inakuwa vizito vya nyavu, na wavuvi wa Nyamyumba huja kuvichukua kwa magunia. Moshi unakaa chini ya mabati, hauna pa kutokea. Mwanamke mmoja alikuwa anakula viazi pembeni ya sufuria, na vumbi la kijivu limemkaa hadi kwenye kope.

Karenzi akaomba kupima damu ya kila mmoja, kisha kurudia kila mwezi. Mzee Faradji alimsikiliza hadi mwisho, kofia yake nyeupe kichwani, mikono nyuma.

"Dokta, hii kazi aliianza baba yangu. Vile vizito vya nyavu mi namimina kwa mikono yangu mwenyewe mpaka leo, na niko muzima. Munataka kupima watu, kisha munaandika, kisha munakuja kufunga mulango. Kiwanja hiki kiko karibu na soko, kila mutu anakitaka. Muende salama."

Tukaondoka. Nilikuwa na hasira hadi masikio yakawa moto. Mtu wa vipi huyu, anaona watu wanalemaa mikono, anazungumzia kiwanja?

Alhamisi, 18 Machi

Mvua. Umeme hakuna, mwanga hakuna, Mudathiru hajaja.

Jumatatu, 22 Machi

Wamekuja! Saa saba mchana, kwa mlango wa nyuma, wamejifunika mifuko ya nailoni vichwani: wanne, na mbele yao yule mwanamke wa viazi. Anaitwa Mukarugwiza, wote wanamwita Mama Ganza. Mumewe hayupo. Kazi yake ni kuchambua mabamba.

"Tunapimisha," akasema, "lakini majina yasifike kwa muzee. Kama anajua nani yuko mugonjwa, atatafuta mwingine muzima. Mutoto wangu atakula hiyo analizi yenu ya damu?"

Wazo likanijia pale pale. Daftari litakuwa na namba tu. Majina nitakaa nayo mimi kichwani. Karenzi, aliyekuwa ndiyo kwanza anakuja, akakubali akiwa bado kwenye ngazi.

Kila mmoja: damu kidoleni, wekundu wa damu, nukta kwa kila chembe elfu, ufizi, nguvu ya kifundo cha mkono. Mama Ganza alibana mkono wangu hadi nikapiga kelele, akafurahi.

Ijumaa, 26 Machi

Wote tisa wameshapimwa, mmoja mmoja, wakati wa chakula. Saba wana nukta. Kwenye daftari zinaonekana zenyewe, sikuzilazimisha: wanaosimama kwenye sufuria wako juu, wanaochambua wanafuata, wawili wanaopakia mizigo nje ni safi. Nilimwonyesha Karenzi kwa kidole, mstari kwa mstari, tukatazamana kama watoto walioiba sukari. Sasa najua hutania. Hudharau pia, lakini rangi chafu tu.

Jumapili, 28 Machi

Idi. Mzee Faradji ameleta nyama hapa kliniki, sinia mbili, kwa wagonjwa na wahudumu, bila kubagua dini. Aliuliza hali ya mama yangu. Nilikula, na nyama ilikuwa tamu, na sikujua niweke wapi hasira yangu.

Jumatano, 7 Aprili

Wiki ya maombolezo ya mauaji ya 1994. Mji umenyamaza. Siandiki.

Jumatano, 14 Aprili

Tumeanza tena. Namba tatu, Mudathiru, amepungua damu zaidi na sasa anashika kikombe kwa mikono miwili. Nilimsihi aache sufuria. "Niache, niende wapi? Goma? Kule pia ni kuyeyusha." Nilimwita mvivu mwezi uliopita. Nimeifuta sentensi hiyo juu kule, kisha nikaiandika upya ili inikumbushe.

Jumatano, 21 Aprili

Naandika haraka kabla kichwa hakijapoa.

Jana saa tisa mchana mvua ilikuwa inapiga mabati kama kokoto, mbingu nyeusi, mlima hauonekani, ziwa halionekani. Mara lango linagongwa. Mudathiru na mwenzake Evode wamebeba mlango, na juu ya mlango amelala Mzee Faradji, amejikunja magoti kidevuni, analia. Mzee mzima yule, analia kwa sauti.

Mkewe alifuata na mwavuli uliovunjika. "Siku ine tumbo haifunguke," akasema. "Anatapika kila kitu. Jirani banasema amerogwa."

Karenzi akampapasa: tumbo gumu kama ubao. Akahofia utumbo umejifunga. Akatuma mtu kumwita mpasuaji, akaniambia nipime kundi la damu, watampasua kabla ya magharibi.

Nikamtoboa kidole. Na nilipokuwa nimekishika kidole kile, nikaona kucha zake: kijivu, ileile ya kwenye kope za Mama Ganza. *Namimina kwa mikono yangu mwenyewe.* Nikavuta mdomo wake wa chini bila ruhusa. Mstari! Buluu, mnene kuliko wa Mudathiru.

"Daktari!" nikapiga kelele. "Si utumbo! Ni risasi!"

Mkewe akashika kichwa. "Mana yanjye! Mungu wangu! Nani amemupiga?"

Karenzi akaja, akatazama ufizi. Jasho lilikuwa linamtiririka. "Mstari peke yake hautoshi, Umurerwa. Anaweza kuwa na risasi na utumbo uliojifunga pia. Nikikosea kwa kungoja, anakufa. Nipe nukta. Una nusu saa."

Nikapaka rangi nikihesabu dakika kwa sauti. Slaidi ikawa tayari. Nikaiweka, nikainama, na sikuona kitu. Giza. Nikageuza kioo huku na huku. Nikajaribu mshumaa, mwali unacheza, kila kitu kinaelea. Umeme umekatika tangu asubuhi. Nilitaka kulia.

Mudathiru alikuwa mlangoni, maji yanamdondoka. "Unatafuta nini, Mamzeli?"

"Mwanga! Mwanga tulivu tu, mdogo!"

Yeye na Evode wakatoka mbio kwenye mvua. Sijui zilipita dakika ngapi. Wakarudi na betri ya gari, Evode ameikumbatia kifuani, na Mudathiru ana nyaya shingoni na balbu ya taa ya gari katika mkono wa kushoto. Ule wa kulia haukuweza kukaza waya. "Shika hapa, nitakuonyesha," akaniambia, na mimi nikakaza huku yeye ananielekeza: huu hapo, ule huku, usiguse.

Balbu ikawaka. Nyeupe, tulivu kabisa! Nikaweka karatasi mbele yake kupunguza ukali, nikaielekeza kwenye kioo, nikainama.

Nukta. Kila nilipogeuza, nukta. Sijawahi kuona damu ya namna ile, kama anga la usiku lililogeuzwa rangi. "Njoo! Njoo uone!" Karenzi akatazama, akahesabu chini kwa chini, akanyooka.

Akamwambia mpasuaji, aliyekuwa ndiyo kwanza anavua koti la mvua, angoje saa moja karibu yetu. Kisha akachukua sindano ya kalsiamu, ambayo kitabu chake kinasema hulegeza tumbo lililokazwa na risasi, akaiingiza mshipani polepole, polepole mno, mkono wangu ukiwa kwenye mapigo ya mzee.

Tukasubiri. Mvua, pumzi zake, mkewe akisoma dua. Baada ya dakika kama ishirini mguu mmoja ukanyooka. Kisha wa pili. Karenzi akagusa tumbo, likabonyea. Mzee Faradji akafungua macho, akamwona kila mtu, na neno lake la kwanza likawa:

"Nani amefungua betri katika kliniki?"

Nilicheka hadi machozi. Mpasuaji alivaa koti lake, akatushika mkono sote, hata Evode.

Alhamisi, 22 Aprili

Tumbo limefunguka saa mbili asubuhi. Kliniki nzima imeshangilia jambo ambalo watu wenye adabu hawalisemi.

Alhamisi, 29 Aprili

Mzee Faradji ameketi kitandani na kuomba aone daftari. Nikakataa: ni la namba, na nimeahidi.

"Si majina nataka," akasema. "Nionyeshe sufuria inafanya nini."

Nikamwonyesha ule mpangilio: sufuria juu, kuchambua katikati, mizigo safi. Alifuata kwa kidole muda mrefu. Kisha akauliza, "Na mi niko wapi?" Nikaandika namba kumi mbele yake. Iko juu kuliko zote.

"Baba yangu alikufa na mikono inaninginia," akasema. "Tulisema ni uzee. Alikuwa na miaka makumi ine na nane."

Nikakaa naye tu.

Jumatatu, 3 Mei

Damu ya watu kumi, na ya mtoto mmoja, imepanda gari la Kigali ndani ya sanduku la barafu. Kutoka huko itakwenda Ulaya kwa ndege, kwa rafiki wa Karenzi mwenye mashine inayopima risasi yenyewe. Mtoto ni Ganza, ana miaka minne. Mama yake hurudi na nguo za kazi na kumbeba nazo. Wazo la kumpima lilikuwa langu, na tangu hapo silali vizuri.

Alhamisi, 6 Mei

Leo Mzee Faradji amerudi kwenye karakana na fimbo, akasimama juu ya gunia, akaniita nisimame kando yake. Mbele ya wote tisa akasema:

"Hakuna mutu atafukuzwa juu ya damu yake. Nimeapa, na huyu Mamzeli ni shahidi. Mwenye damu mbaya anatoka kwa sufuria, anapewa kazi ingine, mpaka damu irudi. Na mutu atakataa kupimwa, huyo njo nitagombana naye."

Mama Ganza akapiga vigelegele peke yake, na wengine wakadakia.

Jumatatu, 17 Mei

Mabati ya katikati yameng'olewa, sufuria imehamia kona ya uwazi yenye dohani. Mapipa mawili ya maji na sabuni. Nguo za kazi zinabaki karakana. Kula ni nje ya lango. Evode anasema sasa viazi havina ladha.

Alhamisi, 27 Mei

Mvua ya mwisho? Fupi, halafu upepo. Hakuna barua.

Ijumaa, 4 Juni

Barua! Karenzi hakuweza kuifungua, nikaichana mimi. Mzee Faradji mia moja kumi na mbili. Mudathiru themanini na sita. Mama Ganza hamsini na tisa. Wawili wa mizigo kumi na kitu, kama watu wengine. Mpangilio wetu wa nukta, tulioupata kwa kioo na mawingu, umesimama uleule, namba kwa namba! Karenzi alinishika mabega akanitikisa.

Kisha nikasoma mstari wa mwisho. Ganza, thelathini na tano. Kwa mtoto ni nyingi.

Nilikwenda mwenyewe nyumbani kwao. Mama Ganza alinisikiliza amesimama, mtoto amemshika kitenge. "Mi njo nilimuletea," akasema.

"Hukujua, dada. Hata sisi hatukujua. Nguo zako haziji tena nyumbani tangu mwezi uliopita. Tutampa dawa ya kuongeza damu, apate maziwa, na kila mwezi nampima mimi mwenyewe. Ni mapema bado."

Akaniuliza tena, "Ni mapema?" Nikasema ndiyo. Daktari ameniambia hivyo, na nimesoma ukurasa huo wa kitabu chake mara tatu kuhakikisha.

Jumatatu, 28 Juni

Kiangazi kamili, milima yote imejitokeza. Awamu ya nne ya vipimo, na hakuna aliyehitaji kuitwa: saa mbili walikuwa kwenye benchi, Mzee Faradji wa kwanza. Damu ya wanane imepanda. Mudathiru anapeleka vizito Nyamyumba kwa mkokoteni, na leo aliponyoosha mikono, ule wa kulia ulipanda, ukatetemeka, ukakaa. Pumzi tatu. Ganza naye damu yake imeongezeka, na aliniuma kidole.

Jumanne, 29 Juni

Nilikuwa ninaosha slaidi nikasikia sauti nyingi uani. Wanawake kumi na mbili kutoka Nyamyumba, wametembea tangu alfajiri, nywele na nguo zimejaa unga wa mawe. Wanavunja kokoto za ujenzi. Wengine wanakohoa. Wa mbele, mama mrefu aitwaye Xavérine, akaniuliza:

"Ni hapa munapimaka kazi?"

"Hapa tunapima damu, mama. Damu, malaria, minyoo."

"Hapana," akasema, wala hakusogea. "Wavuvi bameniambia. Yule mutu wa vizito amebaambia. Hapa banapimaka kazi."

Nikamtazama Karenzi aliyekuwa ametoka na chai yake. Akaweka kikombe chini, akaenda kuleta benchi la pili. Nikafuta mikono, nikafungua daftari jipya, nikamkaribisha Xavérine kiti cha karibu na dirisha.

"Haya, mama," nikamwambia. "Nieleze siku yako. Ukifika kazini, unashika nini kwanza?"

Akakohoa, akaweka viganja vyake viwili mezani, akaanza kunieleza.